Siku Gari la Mwanakhamisi Lilipobebwa

Wanawake wenye vibanda pale Mwanjelwa walilitambua gari la Mwanakhamisi kwa mlio kabla halijatokea. Lilikuwa likikoroma linapokuja kutoka Ilomba, hasa asubuhi za Juni baridi ya Mbeya inapong'ata masikio, na atakayelisikia wa kwanza husema, "Mama Hanifa huyo, kunjueni maturubai." Haikupita muda gari likachomoza: la Kijapani, refu kwa nyuma, jeupe lililokwisha kugeuka rangi ya maziwa yaliyochemka, viti vya nyuma vimelazwa na majora ya vitenge yamepangwa hadi yanagusa dari.

Mwanakhamisi alikuwa ameliendesha gari hilo kwa miaka mingi kuliko aliyoishi na mtu aliyelinunua. Mtu huyo alikuwa mumewe, Othmani, fundi magari wa Iringa, mwembamba, mpole, asiyependa kelele hata za mashine alizokuwa akizitengeneza. Siku aliyolileta kutoka bandarini Dar es Salaam alilipandisha mlima Kitonga peke yake, akaingia nalo mtaani Miyomboni jua likiwa limesimama utosini. Yeye asiyependa kelele akapiga honi kutoka msikitini mpaka mlangoni kwao. Mwanakhamisi alitoka na mikono imejaa unga, akadhani pana harusi.

Kuendesha alifundishwa na mume huyohuyo, kwenye barabara ya vumbi iendayo Idodi, kwa kuwa ilikuwa pana na magari yalipita kwa nadra. Siku zile mwanamke aliyevaa baibui akishika usukani, watu waliacha majembe wakaja kumtazama. Othmani aliketi kushoto, mikono juu ya magoti, huku mguu wake ukikanyaga sakafu kana kwamba na upande wake kuna breki.

"Taratibu, Mama Hanifa," alikuwa akimwambia. "Taratibu. Barabara haiendi popote, itatungoja."

Basi kanga wakikatiza mbele, yeye hukanyaga breki kwa nguvu zake zote, wote wawili wakarushwa mbele, na Othmani akacheka mpaka akafuta machozi. Hakuwahi kumfokea hata mara moja. Jioni hurudi wamejaa vumbi kichwani kama watu waliotoka kusaga mahindi, na Hanifa, aliyekuwa mdogo sana wakati huo, huwa amelala kiti cha nyuma.

Baadaye walihamia Mbeya, Ilomba, kwa sababu vitenge vilikuwa vikiingia kwa wingi kupitia Tunduma na Mwanakhamisi alijua kuviuza. Alinunua, akapakia, akashika njia: Igurusi, Chimala, Makambako, hadi Iringa kwao, kisha akarudi. Othmani alipofungwa na kazi za gereji alikwenda peke yake. Alipokuwa na nafasi, walikwenda pamoja na kupokezana usukani. Mume huyu alikuwa na tabia moja. Kila wanaposimama, iwe kwenye kizuizi cha polisi au kwenye foleni ya malori pale Uyole, dole gumba lake la kushoto lilisugua pembe ya lile pedi la honi lililo katikati ya usukani. Lilisugua polepole, bila mwenyewe kujua. Miaka ikapita, na pembe ile ikalika, ikawa laini na yenye kung'aa, na pakatokea kibonde kidogo cha kutosha dole.

Kisukari kilipomchukua Othmani, ndugu walimshauri mjane auze gari. Wanunuzi walikuja hadi uani, wakafungua boneti, wakasifia injini. Mwanakhamisi aliwapa chai, akawasindikiza. Eda ilipokwisha alipakia majora yake akashika njia, na kwenye foleni ya kwanza aliyokutana nayo dole lake likaenda lenyewe kwenye kile kibonde.

Basi ndivyo alivyoishi hadi Hanifa alipompigia simu mwaka jana.

Hanifa sasa ni muuguzi, ana watoto wake na anaishi Iringa. Alipiga simu mchana, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama, naomba unisomee namba ya chesisi ya gari."

"Ya nini tena?"

"We nisomee tu, mama, halafu nitakwambia."

Mwanakhamisi alivaa miwani, akainama mlangoni mwa gari, akasoma herufi na tarakimu moja moja huku akilalamika kuwa vumbi limezifunika. Kisha Hanifa akasema, "Gari yetu imo."

"Imo wapi?"

"Kiwanda kilichoitengeneza kimeyaita magari ya aina hiyo yote yarudi yakatengenezwe. Bure, mama, hawadai kitu. Eabegi, ule mfuko wa hewa wa kwenye usukani, ina kasoro. Ikifyatuka inaweza kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Wamesema yasiendeshwe kabisa mpaka yatengenezwe."

"Yasiendeshwe! Na mzigo wangu wa Chimala nitaubeba kichwani?"

"Mama..."

"Hiyo eabegi imelala humo miaka yote, mimi nayo uso kwa uso. Haijawahi kunigusa."

"Ndiyo ubaya wake, mama. Kadiri inavyozeeka ndivyo inavyozidi kuharibika."

Mwanakhamisi alimwambia amesikia. Kusikia alisikia kweli, ila hakukubali. Alijiambia kuwa watoto wa siku hizi wakisoma kitu kwenye simu wanadhani kimeandikwa mbinguni. Siku ya mnada alipakia kama kawaida akaelekea Chimala, na njiani, akipita Inyala na kuteremka Igurusi, aliendesha akijitahidi kutoutazama usukani. Alishangaa jinsi ilivyo vigumu kutotazama kitu kilicho mbele ya kifua chako.

Chimala alikuwa na mteja wa siku nyingi aitwaye Esta, mke wa Yotamu, mkulima wa mpunga. Esta ndiye aliyekuwa akiwanunulia sare akina mama wa kwaya ya kanisani kwao. Yotamu ndiye aliyekuwa sauti kubwa ya kwaya hiyo. Zamani, Mwanakhamisi na Othmani wakipita Chimala Jumapili alasiri, Othmani huegesha kando ya kanisa, akazima injini na kushusha kioo. Hawakushuka. Walikaa tu ndani ya gari, Waislamu wawili na vitenge vyao, wakimsikiliza Yotamu akiimba peke yake kabla wenzake hawajamwitikia, sauti nzito inayotembea juu ya mashamba ya mpunga. Akimaliza, Othmani husema, "Haya," akawasha gari, na wasizungumze tena mpaka Igawa.

Safari hii Esta alimpokea kwa uso usio na raha. "Mama Hanifa, karibu. Ulikuwa hujasikia? Mwenzangu alipata ajali."

Yotamu alitoka ndani taratibu. Shingoni alikuwa amezungusha kitambaa. Alipofungua kinywa kumsalimu, Mwanakhamisi alidhani mtu mwingine anasema nyuma yake. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, nyembamba, kama ya mtu anayenong'ona akiwa mbali.

"Pole sana, kaka yangu. Ilikuwaje?"

"Kitu kidogo, dada. Niligonga trekta kwa nyuma, hapo Igurusi. Lilisimama ghafla na mimi nilikuwa polepole. Trekta halikukwaruzika hata rangi." Akanyamaza kidogo kukusanya pumzi. "Lakini usukani ukalipuka. Nilijua nimepigwa risasi. Kipande cha chuma kiliingia hapa." Akagusa kitambaa. "Madaktari wa Mbeya wameniokoa. Sauti ndiyo imebaki kwao."

Alisema hayo kwa kutabasamu, ili mgeni acheke. Mgeni hakucheka.

"Ilikuwa gari gani, kaka?"

Yotamu alinyoosha kidole kuelekea barabarani, pale lilipokuwa limeegeshwa lile gari refu la rangi ya maziwa. "Ndugu yake na hilo lako," alisema. "Nilipoliona unakuja nalo leo, moyo ulishtuka."

Mwanakhamisi alikaa kwenye kigoda alichopewa. Chai ililetwa, ikapoa mbele yake. Hakuwa akifikiria vyuma, wala trekta. Alikuwa akiisikia ile sauti ya Jumapili alasiri, na kioo kimeshushwa, na Othmani ameinamisha kichwa. Ilimjia kwamba Othmani ameondoka, na sauti aliyokuwa akiipenda imeondoka, na aliyebaki kukumbuka jinsi vitu hivyo viwili vilivyokutana ni yeye peke yake. Akijiua kwa ukaidi, hata hayo hayatakuwa na mtu wa kuyakumbuka.

Alichukua simu akampigia mwanawe. "Hanifa, gari nimeliacha hapa Chimala, kwa Esta. Sitaligusa tena. Sasa niambie linatengenezwa wapi."

Hanifa, ambaye alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akaanza kumtafutia jina la gereji.

Iliyoteuliwa kwa kazi hiyo katika nyanda zote zile ilikuwa gereji moja ya Iringa, na gereji yenyewe ilikuwa ya mzee Iqbal. Kwa Iqbal ndiko Othmani alikojifunzia ufundi tangu akiwa kijana asiyejua kushika spana. Siku hizi mzee amepumzika, kazi anaisimamia binti yake, Nasrin. Huyo ndiye aliyezungumza na Mwanakhamisi kwenye simu siku ile ile.

"Mama mdogo, shikamoo. Umefanya vizuri sana kuliegesha. Spea tumeiagiza. Ila usije nalo ukiliendesha, nakuomba. Ondoeni betri, mtafute lori lilibebe."

Lori lilipatikana kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Dereva wake alikuwa Asukile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mnene wa maneno mengi, aliyekuwa akienda Iringa na mpunga nusu lori tu. Pale mashineni pana kituta cha udongo ambapo malori hurudi kinyumenyume wakati wa kupakia, na gari lilisukumwa mpaka hapo ndipo likapandishwa. Wapakiaji waliweka mbao, wakalisukuma kwa nyimbo, Mwanakhamisi akitembea ubavuni na mkono mmoja umepita dirishani kuunyoosha usukani. Yotamu alisimama mbali kidogo. Gari lilipokaa sawa na kufungwa kamba, alimpungia mkono, na Mwanakhamisi akaona jinsi mabega yake yalivyoshuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Hakuwa amewahi kupita barabara ile akiwa juu kiasi kile. Ndani ya lori aliona vitu ambavyo kwenye gari dogo vilikuwa vimefichwa na vichaka: mifereji ya mpunga ya Wasangu, visima, nyua za watu. Na kila alipotazama kwenye kioo cha pembeni aliona ubavu wa gari lake, limekaa juu ya lori kimya, likibebwa.

"Mama, unalitazama kama mtoto uliyempeleka hospitali," Asukile alimtania.

"Lilinibeba na mimba ya mwanangu wa mwisho," alijibu. "Yule hakukaa. Lilinibeba kumzika, likanibeba kumpeleka baba yake hospitali. Mimi sijawahi kulibeba hata siku moja."

Asukile akapunguza redio.

Baada ya Igawa njia ilianza kupanda, na kumbukumbu zikapanda nayo. Pale kwenye kona walipasukiwa tairi mvua ikinyesha, Othmani akabadilisha akiwa amefunikwa jora zima la kitenge cha tausi, ambalo baadaye liliuzwa kwa bei ya chini kama kitambaa cha kupigia deki. Makambako upepo ulikuwa ule ule wa siku zote, wa kupeperusha mpaka maneno. Mafinga misonobari imekatwa upande mmoja na kuota upya upande mwingine, kiasi kwamba msitu ulikuwepo lakini si ule aliouzoea. Alimsimulia Asukile yote hayo, na Asukile akawa anaitikia kwa Kinyakyusa pale alipoguswa, "Ee mama, ndaga," yaani asante, kana kwamba anapewa zawadi.

Karibu na Ifunda askari wa usalama barabarani aliwasimamisha, akazunguka lori, akalitazama gari lisilo na mkwaruzo.

"Hili limepata ajali wapi?"

"Halijapata ajali, afande," Mwanakhamisi alimjibu kutoka juu. "Tunalipeleka lisipate."

Askari alifikiri kidogo, akarudisha leseni, akawaruhusu.

Gerejini mzee Iqbal alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, shali mabegani, macho yameanza kuingia ukungu. Alipoambiwa ni nani aliyekuja, aliinuka kwa kushikilia ukuta. "Shemeji! Bibi harusi wa Othmani! Kamwene!" Alimsalimu Kihehe kama alivyokuwa akiwasalimu wateja wake zamani, kisha akamwuliza habari za Mbeya, za baridi, za Hanifa, akarudia kuuliza za baridi.

Spea ilichelewa. Ilikuwa ifike wiki ile, haikufika, wala iliyofuata. Mwanakhamisi alikaa kwa Hanifa akijifunza kuwa mtu wa miguu. Asubuhi alipita Miyomboni, akasalimiana na wazee waliomjua tangu akiwa msichana, akaulizia nyumba ambazo sasa ni maduka ya simu. Mahali palipokuwa na mlango wao pana bango la rangi. Hakulia. Alisimama tu akijaribu kukisia ni wapi hasa alipokuwa amesimama na unga mikononi, mpaka kijana wa dukani akamwuliza kama anahitaji vocha.

Spea ilipofika, Nasrin alimwita ashuhudie. Alikuwa amevaa ovaroli, ushungi umefungwa nyuma ya shingo, na alifanya kazi kwa vituo, bila papara. Alifungua skrubu za nyuma ya usukani, akachomoa waya wa rangi ya njano, akalitoa lile pedi la katikati zima zima, akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli la uji wa moto. Akaligeuza, akaonyesha kikopo cha chuma kilichokuwa mgongoni mwake.

"Shida yote iko humu, mama mdogo. Ndani kuna dawa kama baruti. Ikikaa miaka mingi, joto na unyevu vinaiharibu. Siku ikiwaka inawaka vibaya, na kikopo kinapasuka. Nakifunga, kinarudishwa kilikotoka."

Lakini Mwanakhamisi hakuwa akitazama kikopo. Alitazama upande wa mbele, pembe ya kushoto, pale palipong'aa.

"Hiyo ya mbele niachie mimi."

"Siwezi, mama mdogo. Vimeshikana. Nikianza kuvitenganisha kinaweza kunilipukia mimi."

"Kipande tu. Hicho cha pembeni."

Nasrin akatazama alikoonyeshwa, akaona kibonde, akaelewa nusu. Ni mzee Iqbal aliyejikokota kutoka mlangoni kuuliza kinachowakwamisha. Binti yake alimshika mzee kidole, akakiweka pale taratibu. Iqbal akapapasa. Uso wake ukafunguka.

"Dole gumba lile!" alisema, akaanza kucheka kicheko cha wazee kinachochanganyika na kikohozi. "Lile dole! Shemeji, unadhani ni gari lako peke yake? Alinimalizia honi ya lori langu la mawe. Alinimalizia kitasa cha droo ya spana. Kijana akiwa anafikiri, lazima kitu kiishe. Nilikuwa nikimwambia, Othmani, ukioa, mkeo ataisha!"

Mwanakhamisi alicheka, na akicheka machozi yakatoka, na hakuvizuia vyote viwili. Miaka hii yote alikuwa amedhani kile kibonde ni kitu cha ndani ya gari, na kikitoka kimetoka naye. Kumbe mtu yule alikuwa ameacha vibonde mji mzima kabla hata hajamjua. Aliweka dole lake pale kwa mara ya mwisho. Palikuwa baridi, laini. Kisha akamwambia Nasrin, "Haya, mwanangu. Funga."

Pedi jipya lilikuwa jeusi tii katikati ya usukani uliofifia. Lilifanya gari lionekane kama mzee aliyewekewa jino jipya la mbele. Hanifa alisema linapendeza. Mama yake alisema atalizoea.

Alirudi Mbeya akiendesha mwenyewe, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mabonde ya Tanangozi. Kwenye foleni ya matengenezo ya barabara dole lake lilikwenda kushoto likakuta pembe ngeni, yenye chembechembe za kukwaruza. Lilikaa hapo hapo, halikusugua. Chimala alipita kwa Esta, akamkuta Yotamu uani na watoto wa kwaya wamemzunguka. Alikuwa akiwapigia kinanda kidogo na kuwaonyesha kwa mkono wapi wapande na wapi washuke. Hakuimba. Mwanakhamisi alisikiliza mpaka wakamaliza, ndipo akashusha majora ya sare.

Biashara yake siku hizi imepungua. Iringa anakwenda kwa sikukuu, na magoti yakimsumbua hukaa Mwanjelwa tu. Ila amepata mazoea yanayowaaibisha wajukuu. Akiona gari la namna ile kituo cha mafuta, hata kama amekaa ndani ya gari lake na mkanda ameshafunga, atashuka, avuke, agonge kioo cha mtu asiyemjua. "Mwanangu, eabegi yako umeiangalia?" Wengi humwambia ndiyo mama, ili aondoke. Wengine hupandisha kioo. Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa Igurusi, Zabron, alipandisha kioo vivyo hivyo akaondoka. Siku iliyofuata alifika kibandani Mwanjelwa kwa daladala, amemwulizia njia nzima, akaomba amwelekeze gereji inayotengeneza eabegi. Mwanakhamisi alimvutia kigoda, akaanza kutafuta namba ya Nasrin kwenye simu, huku akimwuliza kama amekwisha kuondoa betri.